Chakula cha jioni kwa Michaud, na swali la nani alilipa

Haya wadau, leo tunaenda Paris. Nauli hakuna, tunakwenda kwa historia.

Kuna wapenzi wawili waliokula chakula cha jioni miaka mia moja iliyopita, na mimi naamini jioni yao ile imechangia sana picha tuliyonayo vichwani kuhusu mapenzi ya Ulaya. Kijana maskini mwenye kipaji, mke anayempenda, mto, daraja, baridi kidogo, njaa, halafu mgahawa mzuri ambao asubuhi hawakujua kama wangeingia. Kijana ni Ernest Hemingway, Mmarekani, ambaye mwaka 1954 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mke ni Hadley Richardson, wa kwanza kati ya wake zake wanne. Kisa kimo kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za Paris, A Moveable Feast, kilichotoka mwaka 1964, miaka mitatu baada ya yeye kufariki.

Mimi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili. Kwenye kozi ya mbinu za historia tunaambiwa jambo moja mpaka masikio yanauma: chanzo usikiulize kinasema nini tu, kiulize nani anasema, lini, na anapata nini kwa kusema hivyo. Basi nikaona nikichukue hicho chakula cha jioni nikifanyie kazi kama chanzo. Sina nia ya kuharibu mapenzi ya watu jamani. Ni kwamba hapa kampasi kuna makaka wanaoutumia umaskini wa Paris kama hoja, na nitawafikia.

Kwanza kisa, kwa maneno yangu.

Hemingway na Hadley walipenda kwenda kwenye mashindano ya farasi na kuweka pesa. Sehemu mojawapo ilikuwa Enghien, nje kidogo ya Paris upande wa kaskazini, unapanda treni. Siku moja ya majira ya kuchipua wanakwenda, wanaweka, wanashinda. Pesa wanaigawa kwa utaratibu: robo ya mume, robo ya mke, na nusu inabaki kuwa mtaji wa kuwekea tena. (Mnaonielewa mnanielewa. Mkeka haukuanzia Bongo.)

Siku nyingine mwaka huohuo bahati inawatembelea tena. Wakiwa njiani kurudi wanapita kwa Prunier, mgahawa wa vyakula vya baharini. Wanasimama nje wanaangalia vitu vilivyopangwa dirishani, kila kimoja na bei yake, halafu wanaingia. Wanakaa kaunta, wanakula chaza na kaa, wanashushia divai nyeupe. Wanatoka, wanatembea kwa miguu gizani kupitia bustani ya Tuileries, wanafika darajani, wanasimama kuangalia mto. Wanaongea habari za watu na mahali wanapopakumbuka. Na njaa inarudi, wakati ndiyo kwanza wametoka kula.

Wanatafuta pa kwenda, wanaishia kwa Michaud, kona ya rue Jacob na rue des Saints-Pères. Kwao hapo ni pa gharama. Kumejaa, inabidi wasubiri nje. Wakiwa wamesimama hapo wanachungulia ndani na kumwona James Joyce, yule Mwairishi, amekaa ukutani na mke wake Nora na watoto wao wawili wakubwa, Giorgio na Lucia. Joyce ana miwani minene, ameinua menyu karibu na uso. Familia nzima inaongea Kiitaliano. Baadaye nafasi inapatikana, Hemingway na mkewe wanaingia, wanakula vizuri sana. Lakini usiku, Hadley amelala, mume yuko macho, anagundua kwamba ile njaa aliyoisikia darajani haikuondoka.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna pete, hakuna magoti, hakuna mpiga fidla. Na bado ukisoma unaona wivu.

Sasa tuingie kazini. La kwanza ambalo watu hawalioni: ili wawili waweze kutembea usiku bila mpango na kuingia mahali kula, lazima mahali hapo pawepo, na pawe pa aina fulani. Hiyo nayo ina historia yake, na imeanzia palepale Paris.

Kabla ya miaka ya 1760 mgeni mwenye njaa mjini Paris alikula kwenye meza ya pamoja ya nyumba ya wageni. Saa imepangwa, meza moja ndefu, umebanana na watu usiowajua, unakula kilichowekwa, na mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba. Kulikuwa pia na chama cha wapishi waliouza vyakula vilivyopikwa tayari, lakini kwa karamu au kwa kubeba kwenda nyumbani. Neno restaurant lenyewe mwanzoni halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la supu! Supu nzito ya nyama ya kumrudishia nguvu mtu dhaifu, kama sisi tunavyompelekea mzazi mtori. Mwaka 1766 hivi, bwana mmoja Mathurin Roze de Chantoiseau akafungua mahali pa kuuza supu za namna hiyo. Na kwa kuwa kila dhaifu ana udhaifu wake na saa yake ya kusikia njaa, mteja akapewa meza yake mwenyewe, akaja saa anayotaka, akachagua, akalipia alichokula yeye.

Hapo kuna jambo dogo la kuwafurahisha wenzangu wa Historia. Vitabu vingi vya zamani vilisema mwanzilishi ni mtu aliyeitwa Boulanger, na kwamba mwaka 1765 wapishi walimshtaki kwa kuuza miguu ya kondoo kwenye mchuzi mweupe. Hadithi tamu. Mwanahistoria Rebecca Spang alipekua nyaraka na mwaka 2000 akatoa kitabu: ushahidi wa kesi hiyo haukuonekana. Watu walinukuliana wao kwa wao zaidi ya miaka mia.

Basi supu ikaondoka, meza ikabaki. Miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyewahi kumpikia ndugu wa mfalme, akafungua mgahawa wa kifahari karibu na Palais-Royal. Baada ya Mapinduzi ya 1789 migahawa ikaongezeka sana. Wageni waliofika Paris mwanzoni mwa karne ya 19 walishangazwa na vitu viwili: urefu wa menyu, na kuona wanawake wenye heshima zao wamekaa hadharani wanakula na wanaume. London ilichukua muda mrefu zaidi kuzoea hilo, karibu mpaka enzi za hoteli ya Savoy, iliyofunguliwa 1889.

Kwa hiyo Hadley kukaa kaunta kwa Prunier na kula chaza kulihitaji zaidi ya miaka mia na hamsini ya maandalizi. Na zile bei dirishani nazo si kitu kidogo. Mwenye pesa kidogo anachoogopa hasa ni kukaa mezani bila kujua atadaiwa nini, kuliko hata hiyo bei kubwa. Anayebisha akumbuke siku ya kwanza alipompeleka mtu Masaki.

Nikae kidogo pembeni hapa, maana nikisoma kile kipande cha kuchungulia watu wanaokula, akili yangu inakwenda Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa 1886. Humo anaeleza alivyojuana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba zao Mji Mkongwe zilikuwa karibu, paa la kijana likiwa chini kidogo ya la kwake. Ruete akawa anaandaa karamu na wanaume wenzake, ili binti aone kutoka juu Wazungu wanavyokaa mezani. Huo ndio mtoko wao wa kwanza, kama unaweza kuuita mtoko: mmoja anakula, mwingine yuko dirishani. Salme aliondoka Zanzibar kwa meli ya Waingereza mwaka 1866 akiwa mjamzito, wakafunga ndoa Aden mwaka 1867. Yeye kukaa meza moja na mwanaume wake mbele za watu kulimgharimu nchi, dini na ndugu. Hadley alitakiwa kusubiri tu meza iwe wazi.

Turudi Paris, kwenye pesa, maana ndiko ninakotaka kufika.

Juzi chumbani kwetu ulizuka mjadala. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Fasihi, alikuja kumtembelea mwenzetu mikono mitupu (kwa mara ya ngapi sijui), halafu akatuhutubia kwamba wasichana wa siku hizi mmeharibiwa na pesa, mapenzi ya kweli hayana bajeti, angalieni Hemingway na mkewe, walipendana na njaa. Mwenzetu akanyamaza. Mimi nikamwambia kaka, umesoma nusu.

Hemingway na Hadley walifunga ndoa Septemba 1921 kule Michigan, yeye ana miaka 22, Hadley ana 29. Wakafika Paris Desemba mwaka huo. Nyumba yao, namba 74 rue du Cardinal Lemoine, kweli ilikuwa ya hali ya chini. Hakuna maji ya moto, choo ni cha kuchuchumaa, cha pamoja, kiko kwenye ngazi. Mpaka hapo kaka yuko sahihi.

Lakini Hadley alikuwa na urithi. Ulikuwa umewekwa kwenye mfuko wa amana, na waandishi wa maisha yao wanautaja kuwa ulimwingizia karibu dola 3,000 kwa mwaka. Sasa weka hiyo pembeni ya hii: Februari 1922 Hemingway mwenyewe, akiandikia gazeti la Toronto Star, aliwaambia Wakanada kwamba mtu mwenye dola 1,000 kwa mwaka anaweza kuishi vizuri tu Paris. Hesabu ya darasa la nne. Walikuwa na mara tatu ya kiasi alichokitaja yeye mwenyewe kuwa kinatosha, bado hujajumlisha malipo ya gazeti.

Na matumizi yao yanaonekana. Mwaka huo wa 1922 walikwenda Uswisi kwenye theluji, wakaenda Italia, wakaenda Ujerumani kuvua samaki. Mume alikodi chumba kingine cha kuandikia, mbali na nyumbani. Walikuwa na mwanamke wa kuwafanyia usafi na kuwapikia, Marie. Jamani, maskini mwenye dada wa kazi! Mimi nimetoka kwenye nyumba ya walimu wawili wa shule ya msingi na hatukuwahi kuwa naye.

Kitabuni urithi huo hauonekani. Wanaoonekana ni farasi. Ukisoma bila kuuliza maswali, unaona wale chaza wamelipwa na bahati, na bahati ile imetafutwa na mwanaume anayejua farasi. Fikiria sasa huo mtaji wa kuwekea ulitoka wapi mara ya kwanza. Mtu anayetegemea ushindi ili ale, akishindwa hali. Wao wakishindwa, amana ipo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaobeti boom lao humu mabwenini wakijiona akina Hemingway. Mkeka ukichanika, wewe huna Hadley. Una bodi ya mikopo, na wale wanakudai wewe.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana kuna kipindi hali iliwabana kweli. Mtoto wao John alizaliwa Oktoba 1923, Hemingway akaacha kazi ya gazeti mwishoni mwa mwaka huo, na karibu na wakati huo sehemu ya fedha za Hadley ikapotea mikononi mwa mtu waliyemwamini kuzisimamia. Waliporudi Paris Januari 1924 walibana matumizi kweli. Kwa hiyo njaa ya kitabuni haikutungwa yote. Kilichofanyika ni kuitandaza ikafunika miaka yote, hata ile ambayo kulikuwa na dada wa kazi na safari za theluji.

Halafu kuna mlipaji mwingine ambaye hakai mezani kabisa, naye ni Mfaransa wa kawaida. Kabla ya vita ya 1914 dola moja ilikuwa sawa na faranga tano na kidogo. Mwanzoni mwa 1922 ilikuwa kama kumi na mbili. Nchi ilikuwa imepoteza askari wapatao milioni 1.4, ina madeni, mikoa ya kaskazini imebomolewa, na pesa yake inashuka. Julai 1926 dola ilikaribia faranga 50. Mjane aliyeweka akiba yake kwa faranga aliiangalia ikiyeyuka, wakati Mmarekani mwenye dola zilezile alizokuja nazo akizidi kula vizuri. Wafaransa hawakuwa vipofu. Mwezi huohuo wa Julai 1926 mabasi ya watalii yalizomewa na kushambuliwa mitaani Paris. Mwaka 1928 faranga ilikuja kutulizwa, kama 25 kwa dola.

Sisi tunaojua habari za kubadilisha fedha tunalielewa hili haraka. Yule kijana mwenye begi la mgongoni anayekuja Zanzibar na kukwambia ameishi kimaskini miezi mitatu, mpende, ila umuulize maskini wa sarafu gani.

Sasa mrudishe macho dirishani kwa Michaud, kwa sababu hapo kuna kitu ambacho nilipokiona nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikanyamazishwa.

Huyu Joyce anayekula ndani na familia yake, bili yake inalipwa na nani? Riwaya yake Ulysses ilitoka tarehe 2 Februari 1922, siku aliyotimiza miaka 40, ikichapishwa na Sylvia Beach, mwanamke wa Kimarekani mwenye duka dogo la vitabu, Shakespeare and Company. Hakukuwa na mchapishaji mkubwa aliyethubutu. Na maisha ya kila siku ya familia, kodi, hospitali ya macho, migahawa, yalibebwa kwa kiasi kikubwa na Harriet Shaw Weaver, Mwingereza, aliyeanza kumsaidia Joyce mwaka 1917 kutoka kwenye urithi wake, mwanzoni bila hata kumwambia jina. Joyce naye alikuwa mtu wa kula pazuri na kuwaachia wahudumu bakshishi nono. Weaver mwenyewe aliishi maisha ya kujinyima.

Kwa hiyo nje ya kioo yuko kijana anayeona fahari kwamba anakaribia kula anapokula Joyce. Ndani yuko Joyce. Huku urithi wa mwanamke, kule urithi wa mwanamke, na katikati kioo. Wanaume wawili ndio walioingia kwenye silabasi.

Na Nora naye, kwa taarifa ya kaka yetu wa mapenzi ya kweli, alitoroka Ireland na Joyce mwaka 1904, akamzalia watoto wawili Trieste (ndiyo maana walikuwa wanaongea Kiitaliano), akamfuata miji mingi, na ndoa ya kisheria ilikuja kufungwa London mwaka 1931. Miaka ishirini na saba! Bibi yangu angesema huyo hajaolewa, anaazimwa.

Tuje kwenye lile swali la lini. Kitabu hiki hakikuandikwa darajani. Hemingway alianza kukifanyia kazi kwa nguvu mwaka 1957, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata masanduku yake ya zamani yaliyohifadhiwa hoteli ya Ritz Paris, yakiwa na daftari zake, ndivyo alivyoeleza. Alikuwa mgonjwa. Januari 1954, akiwa Uganda na mke wa nne, Mary, alianguka na ndege mara mbili ndani ya siku mbili, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, ya pili Butiaba walipokuwa wanaokolewa. Magazeti duniani yalitangaza amekufa. Aliumia kichwa, mgongo na viungo vya ndani, na hakuwahi kupona sawasawa. Mtu wa hali hiyo ndiye anayekaa na kuikumbuka jioni aliyokuwa na miaka ishirini na tatu hivi na mwili mzima.

Na katikati ya jioni ile na kalamu ile amepita Pauline. Pauline Pfeiffer, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi jarida la Vogue hapo Paris, familia yake tajiri hasa, aliingia kama rafiki wa nyumba mwaka 1925. Hadley alipojua, aliweka sharti: kaeni mbali siku mia moja, mkimaliza bado mnapendana, nitakupa talaka. Siku hazijaisha mwenyewe akaona basi, akawaachia. Talaka ikakamilika 1927. Riwaya ya kwanza iliyompa Hemingway jina, The Sun Also Rises ya 1926, aliitoa tabaruku kwa Hadley na mtoto wao, na mirabaha yake akamwachia Hadley. Hilo nampa. Kidogo alirudisha.

Sasa angalia pesa inavyoendelea. Mwaka 1933 Hemingway anakuja kwetu, Kenya na Tanganyika, kuwinda, na Pauline. Safari ile imelipiwa na mjomba wa Pauline, dola 25,000. Akiwa kwenye mbuga za Tanganyika akashikwa na kuhara damu, Januari 1934 akabebwa kwa ndege kupelekwa Nairobi, akiuona Kilimanjaro njiani. Mwaka 1936 akatoa hadithi fupi, The Snows of Kilimanjaro. Wengi tumesikia jina kwa sababu ya mlima, wachache tumeisoma. Inahusu mwandishi anayekufa kwa kidonda kilichooza akiwa kambini, anayemlaumu mke wake tajiri kwamba pesa zake ndizo zilizomwozesha kipaji. Na anachokumbuka huku anakufa, pamoja na mambo mengine, ni mtaa ule wa kimaskini wa Paris, karibu kabisa na nyumba ya Cardinal Lemoine, alipokuwa anaanza kuandika.

Kwa hiyo wazo la kwamba umaskini wa Paris ndio ulikuwa usafi, na pesa za mwanamke ndiyo sumu, lilishatembea kichwani mwake Tanganyika, miaka ishirini kabla ya kuandika kile chakula cha jioni. Ili wazo hilo lisimame, ilibidi amana ya Hadley isitajwe. Ukiitaja, hadithi inakuwa nyingine: mwanaume aliyetoka kwenye pesa ndogo ya mke mmoja akaenda kwenye pesa kubwa ya mke wa pili. Pauline akibebeshwa jina la tajiri mharibifu, Hadley lazima abaki maskini mwema. Naona hapa wote wawili walionewa, kila mmoja kwa namna yake.

Hata kitabu chenyewe kina mikono mingi. Mwandishi alikufa Julai 1961 kabla hajakimaliza. Toleo la 1964 lilipangwa na Mary, mke wa nne, pamoja na mchapishaji. Mwaka 2009 mjukuu wake Seán, ambaye ni mjukuu wa Pauline, akatoa toleo lingine lililorudisha vipande vilivyoachwa, na humo Pauline anatendewa kwa upole zaidi. Wake wawili wanaendelea kugombania meza moja kupitia wahariri! Mwalimu wetu wa mbinu angefurahi.

Je, hii ina maana jioni ile ilikuwa uongo? Mimi sisemi hivyo. Novemba 2015, baada ya magaidi kuua watu waliokuwa wamekaa tu kwenye migahawa na ukumbi wa muziki Paris, wenyeji walikinunua kitabu hiki kwa wingi na kukiweka pamoja na maua na mishumaa sehemu zilizoshambuliwa. Jina lake la Kifaransa, Paris est une fête, linasema Paris ni sherehe. Watu waliokiweka pale hawakuwa na shida na amana ya nani. Walikuwa wanatetea haki ya kukaa nje jioni na mtu unayempenda, na kula. Hilo nalo ni matumizi ya chanzo, na nalielewa kabisa.

Ila kaka yetu alikuwa anatetea kitu kingine: haki ya kuja mikono mitupu na kusifiwa.

Hadley hakuandika kitabu. Mwaka 1933, mwaka uleule wa safari ya Tanganyika, aliolewa na Paul Mowrer, mwandishi wa habari, wakaishi pamoja hadi Mowrer alipofariki mwaka 1971. Alikuja kuongea kwa kirefu na mwandishi Alice Sokoloff mbele ya kinasa sauti, na kitabu cha maisha yake kikatoka 1973. Alifariki 1979 akiwa na miaka 87.

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya kujiua, Hemingway alimpigia simu. Walikuwa wameachana miaka thelathini na minne. Alikuwa anamalizia kitabu cha Paris na kuna vitu vilikuwa vimemtoka, majina ya watu wa siku zile. Mtu pekee wa kumuuliza alikuwa yeye.